Pima kwanza, sindano baadaye: Simu, visomaji na chipu za mwilini

KAPSULI ya kioo imelala mgongoni mwa simu, katikati kabisa, mahali ambapo mtu yeyote angedhani nguvu imejaa. Giza. Inasogezwa taratibu kuelekea kamera. Giza bado. Inageuzwa robo mzunguko, na taa ndogo iliyomo ndani yake inamweka, inazimika, inamweka tena.

Kutoka penye giza hadi penye mwanga ni upana wa kidole tu. Simu haijabadilishwa, programu haijaguswa, na kapsuli yenyewe haina betri. Kilichobadilika ni mahali ilipolala na upande inakoelekea.

Kapsuli hiyo ni kifaa cha majaribio. Ina umbo la chipu za NFC ambazo watu hupandikiza mkononi, kwenye nyama laini kati ya kidole gumba na kidole cha shahada, ili wafungue milango, waingie kwenye kompyuta, wagawe anwani zao au waoneshe tiketi. Chipu halisi hukaa chini ya ngozi kwa miaka, na kuitoa ni kazi ya ganzi na kisu.

Swali la makala hii, kwa hiyo, ni la mtu ambaye bado hajachomwa. Simu uliyonayo, na kisomaji cha mlango unaotaka kuufungua, vina nguvu ya kuiwasha chipu hiyo? Nani amevipima? Na kwa nini watu wengine hulikumbuka jaribio hili wakati kidonda kimeshafungwa?

Chipu isiyo na betri

NFC ni mawasiliano ya redio ya karibu sana, yanayotumia mawimbi ya megahezi 13.56. Ndani ya kisomaji mna koili ya waya. Umeme ukipita humo, koili huzalisha uga wa sumaku unaobadilika mamilioni ya mara kwa sekunde.

Uga huo ukipenya ndani ya koili ya chipu, huamsha umeme kidogo, na huo ndio umeme wote ambao chipu itaupata. Hauna akiba. Ukikatika, chipu inakufa papo hapo. Ukirudi, inaanza upya.

Hata jibu lake chipu hailitumi kwa nguvu yake yenyewe. Inachofanya ni kuongeza na kupunguza umeme inaouvuta kutoka kwenye uga, na kisomaji huhisi mabadiliko hayo kwenye koili yake. Ili mawasiliano yafanikiwe, lazima chipu ipate umeme wa kutosha, kisha lazima mvuto wake mdogo uhisike upande wa pili.

Kadi ya kawaida ya benki ina nafasi ya kutosha kwa kazi hiyo. Antena yake huzunguka kingo za plastiki na inaweza kufikia milimita 81 kwa 49. Kapsuli ya mkononi ina kipenyo cha milimita 2 na urefu wa takriban milimita 14. Ukilinganisha eneo ambalo uga hupita, kadi ina zaidi ya mara 1,000 ya kapsuli.

Watengenezaji hujaribu kufidia pengo hilo kwa kuizungushia koili kijiti cha feraiti, ambacho hukusanya mistari ya sumaku kutoka pembeni na kuipitisha katikati. Kinasaidia sana, lakini hakiifanyi kapsuli iwe kadi.

Magazeti ya Ulaya na Marekani yamezoea kuiita chipu hii punje ya mchele. Hata mchele mrefu wa Kyela hauna milimita 14. Nalitaja hilo kwa sababu anayekwenda kuchomwa anastahili kujua kwamba sindano inayobeba kitu cha milimita 2 si ile ya chanjo.

> Ukilinganisha eneo ambalo uga hupita, kadi ya benki ina zaidi ya mara 1,000 ya kapsuli ya mkononi.

Kutoka Reading hadi River Falls

Tarehe 24 Agosti 1998, Profesa Kevin Warwick wa Chuo Kikuu cha Reading, Uingereza, alipandikizwa kapsuli ya redio mkononi. Alikaa nayo kwa siku tisa. Katika jengo la idara yake milango ilifunguka na taa ziliwaka alipopita, kwa sababu visomaji vilikuwa vimewekwa kwa ajili yake mahsusi.

Mwaka 2004 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani, FDA, iliiruhusu chipu ya VeriChip, iliyokusudiwa kumtambulisha mgonjwa hospitalini. Katika barua yake FDA ilitaja hatari kadhaa: chipu kuhama mahali ilipowekwa, mwili kuikataa, usalama wa taarifa, matatizo kwenye mashine ya MRI, na pia chipu kushindwa kufanya kazi. Biashara hiyo haikushika, na kufikia 2010 ilikuwa imesitishwa.

Chipu za wakati huo zilitumia mawimbi ya chini, ya aina moja na chipu za mbwa na mifugo ambazo kwa kiwango cha kimataifa hufanya kazi kwa kilohezi 134.2. Simu haiwezi kuzisoma kabisa. Kila anayezihitaji lazima abebe kifaa chake. Shirika la Wanyamapori la Kenya lilipopewa na WWF chipu 1,000 za pembe za faru mwaka 2013, lilipewa pamoja nazo visomaji vitano. Bila visomaji hivyo, chipu 1,000 zingebaki bubu.

Kilichobadilisha hali ni simu. Mmarekani Amal Graafstra alijipandikiza chipu ya mlango mwaka 2005. Mwaka 2013 alianzisha kampuni ya Dangerous Things katika jimbo la Washington, na punde ikaja kapsuli yake iitwayo xNT, yenye chipu ya NTAG216 ya kampuni ya NXP na nafasi ya baiti 888 za kuandika. Kwa mara ya kwanza mtu wa kawaida aliweza kununua chipu ya mwilini inayosomeka kwa kifaa ambacho tayari kilikuwa mfukoni mwake.

Nchini Sweden kampuni ya Biohax na kituo cha ofisi cha Epicenter jijini Stockholm viliueneza utaratibu huo. Mwaka 2017 shirika la reli la SJ lilianza kuwaruhusu abiria waliokwisha kuwa na chipu waitumie badala ya tiketi. Kondakta alikuja na simu yake na kuisogeza kwenye mkono wa abiria.

Tarehe 1 Agosti mwaka huohuo, wafanyakazi zaidi ya 40 wa kampuni ya Three Square Market, katika mji wa River Falls, Wisconsin, walipandikizwa chipu za kununulia vitafunio kazini, kufungua milango na kuingia kwenye kompyuta. Desemba 2021 kampuni ya DSruptive ya Sweden ilionesha cheti cha chanjo ya Uviko kikisomwa na simu kutoka kwenye chipu ya mkononi.

Kila mara mjadala ulilipuka, na kila mara ulihusu mambo yaleyale: faragha, mwajiri kumfuatilia mfanyakazi, na kwa waumini wengi, alama ya mnyama ya Kitabu cha Ufunuo. Hayo ni maswali mazito na sina nia ya kuyapuuza. Lakini picha zilizosambaa zilionesha sindano na tabasamu. Hazikuonesha mtu aliyesimama mlangoni akizungusha mkono juu ya kisomaji kisichoitika.

Mistari ya sumaku ina njia zake

Kosa la kwanza la mwenye chipu mpya ni kuitumia kama kadi: anaubandika mkono katikati ya kisomaji na kusubiri. Kwa kadi hapo ndipo mahali sahihi. Kwa kapsuli mara nyingi ni mahali pabaya kuliko pote.

Sababu ni umbo la uga. Koili bapa ikipitishwa umeme, mistari ya sumaku katikati yake husimama wima, ikitoka nje ya uso wa kisomaji. Kadi iliyolala bapa huipokea yote. Koili ya kapsuli imezungushwa kwenye kijiti kilicholala, na inahitaji mistari inayopita kwa urefu wa kijiti hicho. Pale katikati mistari hukatiza kijiti ubavuni, na umeme unaozaliwa unakaribia sifuri.

Juu ya nyaya zenyewe za antena, pembezoni, mistari huinama na kulala sambamba na uso wa kisomaji. Hapo ndipo kapsuli hushiba, mradi ielekee kukatiza waya na si kuufuata. Ukiizungusha digrii 60 kutoka mwelekeo mzuri, volti zake hupungua hadi nusu. Ukiizungusha digrii 90, hakuna kitu.

Umbali nao ni mkali. Kwa koili ya duara, ukipanda juu ya kitovu chake kwa kimo kilicho sawa na nusu kipenyo, uga hubaki asilimia 35 ya ulivyokuwa. Ukipanda mara mbili ya hapo, hubaki asilimia 9. Na kwa kuwa nguvu inayofika hufuata mraba wa uga, hiyo asilimia 35 ni sawa na sehemu moja tu kati ya nane za nguvu ya mwanzo.

Ngozi haizuii sumaku. Watu wengi hudhani nyama ndiyo ukuta, lakini madhara yake makubwa ni kuongeza umbali wa milimita chache, na maji na chumvi za mwili kuivuta kidogo koili kutoka kwenye mawimbi iliyotegewa. Adui wa kweli ni chuma: kava la simu lenye bamba la sumaku, fremu ya mlango wa chuma, pete nene kwenye kidole cha jirani. Chuma huzalisha umeme wake unaoupinga uga uliokuja.

> Katikati ya kisomaji, mahali ambapo kadi hushiba, ndipo mara nyingi kapsuli hufa njaa.

Jinsi ya kupima

Njia rahisi kuliko zote ni taa. Dangerous Things huuza kadi nyembamba ya uchunguzi yenye taa mbili, moja ya mawimbi ya chini na nyingine ya megahezi 13.56. Ukiisogeza kwenye kisomaji cha ofisini, taa inayowaka inakuambia kisomaji hicho ni cha aina gani. Jaribio hilo peke yake limewaokoa watu wasinunue chipu ya NFC kwa mlango usiojua NFC.

Kadi hiyo, hata hivyo, ni bapa. Inakuambia uga upo. Haikuambii kapsuli itaupokeaje. Kwa hilo inahitajika taa yenye umbo la kapsuli yenyewe, ile iliyozungushiwa koili kwenye feraiti. Ukiipitisha polepole juu ya mgongo wa simu, kwa urefu na kisha kwa upana, utachora ramani ya sehemu zinazowaka. Simu za iPhone huwa na antena upande wa juu kabisa. Za Android hutofautiana: nyingine katikati, nyingine kuzunguka kamera, na zenye kuchaji bila waya hulazimika kugawana nafasi ya mgongoni na koili ya chaji.

Fundi wa redio au wa simu anaweza kujitengenezea chombo cha kuanzia: koili ya takriban maikrohenri 1.4, kapasita ya pikofaradi 100, na taa ndogo ya LED. Hesabu yake inaangukia karibu kabisa na megahezi 13.56. Taa nyekundu huwaka kwa volti zisizofika 2. Ya bluu hutaka takriban 3. Akiwa na mbili za rangi tofauti, tayari ana ngazi mbili za kupimia nguvu.

Baada ya ramani, umbali. Weka vipande vya plastiki kati ya simu na kapsuli, kimoja baada ya kingine, mpaka taa izimike, kisha pima unene. Anayetaka kukaribia uhalisia atumie kipande cha kuku chenye ngozi yake na kuiweka kapsuli chini ya ngozi hiyo. Ikizimika kwa milimita mbili au tatu tu, basi mkononi itakuwa shida ya kila siku.

Wenye vifaa vya kitaalamu huenda mbali zaidi. Proxmark3, chombo kinachopendwa na watafiti wa usalama, kinaweza kuonesha volti za antena yake mfululizo. Ukiiweka chipu juu yake volti hushuka, na kadiri zinavyoshuka ndivyo koili mbili zilivyoshikana vizuri. Hapo hupimi tena kwa macho. Unapata namba unayoweza kuiandika na kuilinganisha na ya mwenzako.

Kuwaka si kusomeka

Hapa ndipo wengi hudanganyika, na inafaa tukae kidogo.

Taa ikiwaka inathibitisha jambo moja tu: nguvu imefika. Haithibitishi kwamba jibu la chipu litasikika. Taa haina la kusema, chipu inalo. Simu inaweza kuwa na nguvu ya kutosha kuiwasha kapsuli lakini isihisi mabadiliko madogo yanayoletwa na koili ndogo kiasi hicho.

Kuna pia suala la simu kulala. Ili kutunza betri, simu haitoi uga wakati wote. Hutoa mapigo mafupi na kuangalia kama kuna kitu kimeigusa antena yake. Kadi kubwa huitikisa antena na simu inaamka. Kapsuli inaweza isiitikise vya kutosha, na simu ikaendelea kulala juu ya mkono wako. Vitasa vya milango vinavyotumia betri hufanya vivyo hivyo, na ndiyo maana kitasa kimoja husoma kadi kwa sentimita kadhaa lakini hakiioni chipu hata ikiwa imekigusa.

Skrini nayo ina neno lake. Android kwa kawaida haitafuti chipu kama simu imefungwa. iPhone ilianza kusoma chipu kwa kupitia programu mwaka 2017, ilipokuja iOS 11, kwenye iPhone 7; kusoma bila kufungua programu kulikuja mwaka 2018 na iPhone XS na XR, na hata hapo skrini lazima iwe imewaka.

Kisha kuna njaa ya chipu yenyewe. NTAG216 ni ya kuhifadhi maneno tu na haili sana. Chipu zenye kichakataji cha siri, kama Apex ya kampuni ya VivoKey inayoendesha programu ndogo za Java, hufanya hesabu nzito ndani yake. Inaweza kuwaka na kujitambulisha vizuri, kisha ikaanguka katikati ya hesabu kwa sababu uga haukutosha. Mtu aliyepima kwa taa au kwa NTAG216 akadhani amepimia Apex, hajapima.

Kipimo cha haki, kwa hiyo, ni kutumia chipu ya aina ileile utakayopandikiza, ikiwa bado nje ya mwili, kwenye simu yako na kwenye mlango wako, kwa programu utakayoitumia kila siku. Isome mara 20. Ikifaulu 19, vizuri. Ikifaulu 8, usijipe moyo kwamba mkono utaizoea.

> Mtu aliyepima kwa taa akadhani amepimia chipu ya siri, hajapima.

Nani abebe mzigo?

Watengenezaji wa chipu za mwilini husema hawawezi kuidhibiti simu. Hilo ni kweli. Hawachagui mahali pa antena, wala hawaandiki programu ya kuilaza na kuiamsha. Walichofanya wengine wao ni kutengeneza chipu bapa na laini, zenye antena pana zaidi ya kapsuli, ambazo hushikana na simu vizuri zaidi. Bei ya ubora huo inalipwa na ngozi: chipu bapa huingia kwa jeraha kubwa kuliko tundu la sindano ya kapsuli.

Watengenezaji wa simu wana hoja yao pia. Antena ya NFC imekusudiwa malipo na kadi bapa. Kiwango cha ISO 14443 kimeigawa antena ya kadi katika madaraja sita kwa ukubwa. Dogo kabisa, la sita, ni milimita 25 kwa 20. Kapsuli ya milimita 2 haimo. Maabara zinazopima visomaji kwa kufuata ISO 10373-6 hutumia koili bapa za kurejelea. Simu inaweza kufaulu mitihani yote na bado isiione kapsuli, na hakuna atakayekuwa amevunja kanuni.

Mashine za kulipia zina sheria kali zaidi. EMVCo, chombo cha makampuni ya kadi za malipo, hutaka mashine isome kadi katika eneo linalofika sentimita 4 juu ya uso wake. Ndiyo maana mkono ulioshindwa kwenye simu unaweza kufaulu dukani. Juni 2025 Jukwaa la NFC lilitangaza toleo la 15 la viwango vyake, linalopandisha umbali wa mawasiliano uliothibitishwa kutoka milimita 5 hadi 20. Wenye chipu huenda wakanufaika pembeni, kama abiria waliodandia gari lisilokuwa lao.

Kwa maoni yangu mzigo wa kwanza ni wa muuzaji wa chipu. Anayeuza kitu cha kuingizwa mwilini ana wajibu wa kuchapisha matokeo: simu gani, mahali gani mgongoni mwake, umbali gani, mara ngapi kati ya ngapi. Bila hayo, maneno "inafanya kazi na simu zenye NFC" ni tangazo, na mnunuzi anachomwa kwa imani.

Mzigo wa pili ni wa anayeweka mlango. Mwajiri au shirika linalowakaribisha watu watumie chipu lilipaswa kuvipima visomaji vyake kwa kapsuli kabla ya kuita sindano. Wisconsin ilipitisha sheria mwaka 2006 kukataza mtu kulazimishwa kupandikizwa chipu, miaka 11 kabla ya River Falls, na majimbo mengine, ikiwemo California mwaka 2007, yakafuata. Sheria hizo zinalinda hiari, na ni sawa. Lakini hiari ya mtu asiyeambiwa kwamba mlango utamkataa mara tano kati ya kumi ni hiari pungufu.

Udhaifu wenye faida

Si wote wanaolalamika. Kwa watu wa usalama, kapsuli inayosomeka kwa kuguswa tu ni ulinzi. Mtu aliyekaa kando yako kwenye basi hawezi kuisoma bila kuushika mkono wako na kuutafutia pembe. Kadi iliyomo mfukoni haina kinga hiyo.

Hoja hiyo ina uzito, ila isitumike kama kisingizio. Ulinzi wa kweli hutoka kwenye chipu inayothibitisha siri yake kwa hesabu, na chipu za namna hiyo ndizo zenye njaa kubwa. Anayetaka chipu salama ndiye anayehitaji kisomaji chenye nguvu kuliko wote. Kuusifu uga hafifu kwa jina la usalama ni kumsukuma mtu kwenye chipu rahisi, ambayo mara nyingi inaweza kunakiliwa na yeyote aliyefanikiwa kuisoma mara moja.

Kwa anayeagiza kutoka Dar au Nairobi

Chipu hizi huuzwa mtandaoni, na hakuna kinachomzuia mtu wa Sinza au Eastleigh kuzikodolea macho. Kadi za kugusisha si ngeni kwetu: BebaPay ya Google na benki ya Equity iliingia kwenye matatu za Nairobi mwaka 2013.

Lakini simu nyingi za bei nafuu zinazouzwa katika ukanda huu hazina NFC kabisa, na hata aina moja ya simu inaweza kuwa nayo kwenye toleo la soko moja na isiwe nayo kwenye lingine. Ingia kwenye mipangilio ya simu uitafute kabla ya kufikiria lolote. Kama haipo, hakuna programu itakayoileta.

Na tusisahau anayechoma. Fundi wa kutoboa masikio asiye na vifaa safi si mtu wa kuingiza kitu cha milimita 2 chini ya ngozi ya mkono, mahali palipojaa mishipa na neva.

Baada ya sindano

Aliyekwisha kuchomwa asikate tamaa siku ya kwanza. Uvimbe huisukuma chipu mbali na uso wa ngozi, na wapo ambao chipu yao ilikuwa ngumu kusomeka wiki za mwanzo kisha ikatulia. Apime tena kidonda kikipona, kwa simu ileile na kwa kufuata ramani ileile, na aandike tofauti. Asiikande wala kuisukuma ili isomeke.

Apime pia kila anapobadilisha simu. NXP huahidi kwamba maandishi ndani ya NTAG216 yatadumu miaka 10. Simu chache hukaa na mwenyewe hata nusu ya muda huo. Kila simu mpya ina antena mahali pake, na mkono uliokuwa ukifungua kila kitu unaweza kuamka bubu kwa sababu ya ununuzi wa jana. Chipu za malipo zina jambo la ziada, kwani hubeba tarehe ya kuisha kama kadi ya benki, na tarehe hiyo haiangalii kama kovu limepona vizuri.

Na akipelekwa kwenye MRI, aseme mapema kwamba ana chipu, mkono upi na ya aina gani. Katika barua ya mwaka 2004, mashine hiyo ni mojawapo ya hatari ambazo FDA ilizitaja kwa jina.